Watu wanaoishikilia intaneti wamechoka

Jamani habari za saa hizi. Asanteni kwa kuja, na asanteni sana mlionialika. Najua wengi wenu mlitegemea nije niongelee akili mnemba na roketi na simu zinazokunjika, na hiyo AI tutaigusa huko mbele maana haikwepeki, lakini leo nataka niongelee watu, watunzaji wa programu huria, zile ambazo kodi yake, yaani maelekezo yanayoandikwa kuiambia kompyuta ifanye nini, iko hadharani na mtu yeyote anaitumia bure. Watu ambao bila wao hizo simu mlizoshika saivi hazifungui hata video moja, na wengi wao hawalipwi chochote, na mimi nina hofu nao, hofu ya kweli kabisa, ndo maana nimeomba hii nafasi.

Nianze na nusu sekunde.

Machi 2024 kuna jamaa anaitwa Andres Freund, ni injinia wa Microsoft na pia ni mmoja wa wanaotengeneza PostgreSQL, ile hifadhidata inayotumika kila kona ya dunia. Alikuwa anapima kasi ya kazi zake kwenye mashine ya Linux, ule mfumo endeshi huria wa kompyuta. Sasa ukiwa unapima kasi unataka mashine itulie kabisa, na yeye akaona ile huduma ya SSH, hii ambayo tunaitumia kuingia kwenye seva, yaani kompyuta ya kuhudumia wengine, iliyo mbali, inakula prosesa kuliko kawaida yake. Akajaribu kuingia kwa akaunti ambayo haipo, ili tu aone mashine inachukua muda gani kumkatalia. Kabla ya hapo ilikuwa inachukua kama sekunde 0.3, sasa ikawa inachukua 0.8. Nusu sekunde! Mtu mwingine angesema aah, mashine tu hiyo, akaendelea na mambo yake. Huyu hakuachia. Akafuatilia, akafuatilia, mpaka akafika kwenye laibrari ndogo, yaani kipande cha programu ambacho programu nyingine zinakiazima, ya kubana mafaili inayoitwa xz, na tarehe 29 mwezi huo akaandika hadharani kwamba xz toleo la 5.6.0 na la 5.6.1 yana mlango wa siri ndani yake. Mwenye ufunguo wa huo mlango angeweza kutuma amri yoyote kwenye seva bila paswedi ya mtu yeyote.

Na hayo matoleo yalikuwa yameshaingia kwenye matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora, mifumo miwili ya Linux inayotumika sana. Kwa wasiofahamu, kitu kikifika hapo kiko njiani kwenda kwenye seva za kawaida, za benki, za hospitali, za serikali, dunia nzima. Kipimo cha hatari kikatoka 10 kati ya 10. Na kilichotuokoa ni mtu mmoja ambaye kazi yake wala haikuwa kulinda usalama, alikuwa anapima kasi ya hifadhidata tu.

Hapo ndo wengi wanaishia wakisimulia hii stori, wanampigia Freund makofi, na anastahili kabisa. Mimi nataka turudi nyuma miaka mitatu tuangalie ule mlango uliingiaje, kwa sababu ule upande wa pili wa stori ndo unaoninyima usingizi.

xz kwa miaka mingi ilikuwa inatunzwa na Lasse Collin, yuko Finland, na kwa sehemu kubwa alikuwa peke yake. Hana kampuni nyuma yake, hana mshahara wa hiyo kazi. Mwaka 2021 ikafunguliwa akaunti kwa jina la Jia Tan. Jia Tan akaanza kutuma viraka, yaani marekebisho madogo madogo, na yalikuwa mazuri, na alikuwa mpole, anajibu kwa adabu, anasaidia. Halafu 2022 yakajitokeza majina mengine, majina ambayo hakuna aliyekuwa anayafahamu kwenye huo mradi, wakaanza kulalamika kwenye mazungumzo ya wazi: kwanini kazi inaenda taratibu hivi, kwanini viraka vinakaa muda mrefu, mtunzaji hana hamu tena, apewe mtu mwingine. Lasse akawajibu. Akasema hamu hajaipoteza, ila uwezo wake umepungua kwa sababu ya matatizo ya afya ya akili ya muda mrefu na mambo mengine, akakumbusha pia kwamba huu ni mradi wa kujitolea usiolipwa. Mtu anakuambia hivyo hadharani, unafanyaje? Wale wakaendelea kumbana. Na pembeni pale yupo Jia Tan, mchapakazi, mpole, ana muda, hana neno. Kidogo kidogo akapewa ruhusa moja, akapewa nyingine, ikafika 2023 anatoa matoleo mwenyewe. Februari 2024 likatoka toleo lenye mlango wa siri.

Mpaka leo hajathibitishwa Jia Tan ni nani, ni mtu mmoja au ni timu. Wachambuzi wengi wanaona hata wale walalamikaji walikuwa sehemu ya mpango uleule, akaunti zimefunguliwa, zikafanya kazi ya kubana, zikapotea.

Na ufundi wenyewe mlango ulivyofichwa jamani ni wa hali ya juu, acheni niwaelezee kidogo. Laibrari ya kubana mafaili lazima iwe na mafaili ya majaribio, mengine yameharibiwa makusudi ili kuona programu itafanya nini ikikutana na faili bovu. Mafaili hayo ni vurugu tupu ukiyafungua, hakuna binadamu anayakaa chini kuyasoma, sasa ule ubaya ukawekwa humohumo. Kilichokuwa kinauamsha ni maelekezo machache kwenye hatua ya kujenga programu, na hayo maelekezo hayakuwepo kwenye hazina ya wazi ambayo kila mtu anaiangalia, yalikuwepo kwenye kifurushi tu, kile ambacho watengenezaji wa mifumo wanakipakua. Yaani ungesoma kila mstari ulio hadharani usingeona unachotafuta. Halafu SSH yenyewe haitumii xz hata kidogo! Ila baadhi ya mifumo ya Linux iliongezea SSH uwezo wa kuwasiliana na systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za mashine, na laibrari ya systemd nayo inaiita ya xz, basi njia ikapatikana kupitia mlango wa jirani wa jirani.

Ufundi wote huo ungekuwa kazi bure kama mtunzaji asingekuwa peke yake na amechoka. Usimbaji wa siri wa SSH haukuvunjwa, hesabu zake ziko salama mpaka leo. Walioingia waliingilia kwenye uchovu wa mtu, walikaa wakausoma, wakausubiri, wakaulisha kwa maneno makali miezi kadhaa. Mimi naliona hili kama tukio kubwa zaidi la usalama wa kompyuta la miaka hii, na sisemi hivyo kwa sababu ya ule mlango. Nasema kwa sababu njia waliyopita bado iko wazi kwenye maelfu ya miradi mingine saivi tunavyoongea.

Na haikuwa mara ya kwanza, hiyo ndo inaumiza. 2018 kulikuwa na kifurushi cha JavaScript, lugha ya kuandikia programu za tovuti, kinaitwa event-stream, kinapakuliwa mamilioni ya mara kwa wiki, mwenyewe alikuwa ameshaacha kukitumia siku nyingi, akaja mtu asiyemjua akamwambia nitakusaidia kukitunza, akampa. Yule mtu akaingiza kodi ya kuiba bitcoin kwenye pochi za watumiaji wa aplikesheni moja. Watu wakamrukia yule wa mwanzo, wewe ulimpaje mtu usiyemjua! Mimi nauliza, alitakiwa ampe nani? Nani mwingine alijitokeza?

Rudi nyuma tena, Aprili 2014, Heartbleed. OpenSSL ndo ilikuwa inalinda sehemu kubwa ya tovuti za dunia, ile alama ya kufuli unayoiona kwenye brauza, nyuma yake mara nyingi ilikuwepo OpenSSL hiyo. Ikagundulika kasoro iliyokaa humo tangu toleo la 2012, unaiomba seva ikurudishie neno fupi, unaidanganya kwamba neno lako ni refu, na seva bila kuhakiki inakumwagia chochote kilicho jirani kwenye kumbukumbu yake, inaweza kuwa paswedi, inaweza kuwa ufunguo wa siri wa tovuti nzima. Dunia ikashtuka. Halafu watu ndo wakauliza, hivi hii kitu inatunzwa na nani? Jibu likawa, mtu mmoja ndo anaifanya kazi hiyo muda wote, na michango ya hiari kwa mwaka ilikuwa kama dola 2,000. Dola elfu mbili, kwa programu iliyokuwa inalinda malipo ya dunia nzima.

Desemba 2021 tena, Log4j. Laibrari ya Java ya kuandika kumbukumbu za matukio, kitu cha kuchosha kabisa ambacho hakuna anayekiwazia, ikakutwa na kasoro kwamba ukiandika maneno fulani tu mahali popote ambapo seva itayarekodi, hata kwenye chati ya mchezo wa Minecraft, seva inaenda kuchukua kodi ya mtu mwingine na kuiendesha. Kumi kati ya kumi tena. Wale watunzaji, watu wachache wenye kazi zao nyingine za mchana, wakakesha kurekebisha, na huku watu wanawashambulia kwa kazi ambayo hata hawalipwi. Hiyo mimi naiita aibu, na sitafuti neno laini zaidi ya hilo.

Sasa tuangalie ukubwa wa kitu chenyewe, kwa sababu mtu anaweza kudhani naongelea kakona kadogo ka watu wa kompyuta. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zinatumia Linux. Android nayo ndani yake kuna Linux. SQLite, hifadhidata ndogo ambayo timu yake ni watu wa kuhesabika kwenye vidole vya mkono mmoja, imo kwenye karibu kila simu janja. FFmpeg inagusa karibu kila video unayoiangalia mtandaoni. Aprili 2021 kile kihelikopta Ingenuity kiliporuka kwenye sayari ya Mars, GitHub, ile tovuti inayohifadhi miradi mingi ya programu huria, walihesabu watu ambao mistari yao ya kodi ilihusika kwenye programu zake wakapata karibu 12,000, na wengi wao hawakuwa wanajua kabisa kwamba kazi yao imefika sayari nyingine. Mimi hiyo inanifurahisha kila nikiikumbuka. Watafiti wa Harvard 2024 walijaribu kukadiria, makampuni yangelazimika kutumia shilingi ngapi kama programu huria zisingekuwepo na kila mmoja angetengeneza zake, wakapata dola trilioni 8.8. Na katika utafiti huohuo wakaona asilimia 96 ya hiyo thamani imetengenezwa na asilimia 5 tu ya waandishi wa hizo programu. Ukiongeza na uchunguzi wa kampuni ya Tidelift wa mwaka huohuo, ambao ulikuta asilimia 60 ya watunzaji hawalipwi, unaanza kuona picha. Thamani kubwa hivyo, mabega machache hivyo, na hayo mabega mengi hayalipwi.

Kuna mfano mmoja naupenda sana na sio wa udukuzi kabisa, wa saa. Mnajua simu yako ikivuka mpaka inajuaje saa imebadilika? Kuna hazina ya data inaitwa tz, ilianzishwa na Arthur David Olson miaka ya 80, saivi mratibu wake mkuu ni Paul Eggert, na kazi yake ni kuandika kila nchi iko saa ngapi, na ilikuwa saa ngapi, na serikali gani imebadilisha lini. Basi. Simu, seva, ndege, benki, wote wanachota humo. Machi 2023 Lebanon, siku chache kabla ya saa kusogezwa mbele kama wanavyofanya kila mwaka, serikali ikatangaza inaahirisha mpaka Ramadhani iishe. Kanisa la Maronite likakataa, baadhi ya vyombo vya habari vikakataa, nchi moja ikawa na saa mbili tofauti kwa siku kadhaa. Huku kwenye tz wakatoa toleo la haraka la kufuata tangazo, halafu serikali ikageuza uamuzi wake, wakatoa toleo lingine kabla wiki moja haijaisha la kurudisha data kama ilivyokuwa. Watu wa kujitolea hao, wanafuatilia maamuzi ya mabaraza ya mawaziri ili simu ya mtu asiyewajua iseme saa sahihi.

Na 2011 wakashtakiwa! Kampuni moja ilidai data za historia ya saa ni mali yake, hazina ikazimwa kwa siku kadhaa. Ila pale kilichotokea ndo ninachotaka mkichukue, ICANN, lile shirika linalosimamia majina ya intaneti, likajitokeza likasema tutaipokea sisi. Kesi ikafutwa mwaka uliofuata. Tangu hapo tz ina nyumba, ina utaratibu wa kupokezana uongozi ulioandikwa, haitegemei pumzi ya mtu mmoja. Kwa hiyo inawezekana kabisa, sio ndoto.

Haya, tuje kwenye AI, najua mnaisubiri.

curl ni programu ya kuhamisha data, Daniel Stenberg wa Sweden amekuwa nayo tangu miaka ya 90, imo kwenye magari, televisheni, simu, mabilioni ya vifaa. Walikuwa na utaratibu mzuri, ukigundua kasoro ya usalama unaripoti, ikithibitishwa unalipwa zawadi. Zikaja hizi AI za kuandika. Watu wakaanza kuziambia nitafutie kasoro kwenye curl, AI inaandika ripoti ndefu, imepangwa vizuri, lugha safi, ina majina ya fankisheni ambazo nyingine hata hazipo, wanaituma hivyohivyo bila kuisoma wakitarajia dola. Kila ripoti lazima isomwe, kwa sababu moja inaweza kuwa ya kweli na ukiipuuza umeumiza dunia. Kwahiyo watu watatu wanne wanasimamisha kazi zao, saa nzima, saa mbili, kuthibitisha kwamba kitu kisichokuwepo hakipo. Katikati ya 2025 Stenberg aliandika kwamba ni kama asilimia 5 tu ya ripoti za mwaka huo zilizokuwa za kweli. Na Januari 2026 wakaamua kufunga huo mpango wa zawadi.

Sasa msije mkaniona naichukia AI, sivyo. Novemba 2024 Google walitangaza kwamba mfumo wao wa AI umepata kasoro ya kweli kwenye SQLite kabla haijatoka kwenye toleo rasmi. Na huyohuyo Stenberg, Septemba 2025, mtafiti mmoja alimletea orodha ya kasoro alizozipata kwa msaada wa zana za AI, akazipitia, akasifu, akarekebisha kasoro nyingi kweli. Tofauti ilikuwa wapi? Yule mtafiti aliijua kazi, alikaa akachuja yeye mwenyewe kabla ya kutuma. Aliubeba mzigo upande wake. Wale wengine wanautupa mzigo upande wa mtunzaji, na kutuma ripoti kwao kunachukua dakika moja wakati kuijibu kunachukua saa tatu za maisha ya mtu. Hiyo hesabu ndo inayoua miradi. Kabla ya AI ilikuwepo lakini mwandishi wa upuuzi alilazimika angalau kuandika upuuzi wake kwa mkono, alichoka naye, saivi anayechoka ni mmoja tu.

Na wakati huohuo udukuzi wa kumlenga mtunzaji unaendelea. Septemba 2025 mtunzaji mmoja wa vifurushi vya JavaScript alipata imeli inayojifanya imetoka npm, ghala la mtandaoni la vifurushi hivyo, inamwambia ahuishe ulinzi wa akaunti yake la sivyo itafungwa. Akaamini. Vifurushi 18 vikaingiziwa kodi ya kugeuza anwani za pesa za kidijitali, na hivyo vifurushi kwa jumla vinapakuliwa zaidi ya mara bilioni 2 kwa wiki. Jamii ilishtuka mapema, ndani ya kama masaa mawili matoleo mabaya yalianza kuondolewa, hasara haikuwa kubwa kama ilivyoweza kuwa. Lakini oneni tena palepale walipogonga. Mtu mmoja, imeli moja, siku yenye kazi nyingi.

Kwa hiyo tufanye nini. Watu wengi wanajibu haraka, walipwe. Ni kweli walipwe, na kuna mwanzo mzuri, Ujerumani tangu 2022 ina mfuko wa serikali, Sovereign Tech Fund, unaolipa kazi ya kutunza programu kama hizi, curl wamo, Log4j wamo. Ulaya nayo imepitisha sheria ya uimara wa kimtandao, imeanza kuwa sheria Desemba 2024 na masharti yake makuu yataanza kubana Desemba 2027, na inasema anayeuza bidhaa ndo anawajibika kwa usalama wa vilivyomo ndani, hata vile alivyovichukua bure. Mimi naiunga mkono hiyo kwa mikono miwili, maana kwa muda mrefu kampuni imekuwa ikichukua laibrari bure, inauza, ikiharibika inamfokea aliyeitoa bure.

Ila pesa peke yake isingemuokoa Lasse Collin, na hapa natofautiana na wenzangu wengi. Alihitaji mtu wa pili wa kuaminika. Na aliyekuja kuwa mtu wa pili ndo alikuwa mwizi! Hilo ni tatizo gumu na sitaki kulipaka rangi. Wengine wanasema basi kila mchangiaji aonyeshe kitambulisho. Mimi siungi mkono, kuna watu wazuri sana wanaochangia kwa majina ya bandia kwa sababu za msingi kabisa, wengine usalama wa maisha yao, na mpango wa miaka mitatu wenye subira ile usidhani ungeshindwa kupata kitambulisho. Ninachoamini ni kwamba miradi inayobebwa na dunia isibaki ya mtu mmoja, iingie kwenye nyumba kama ilivyofanyika tz, na kinachotolewa kwenye kifurushi kijengwe moja kwa moja kutoka kwenye kodi iliyo hadharani ili watu wa tatu waweze kulinganisha, na ruhusa za kutoa matoleo zisiwe za mkono mmoja.

Na kuna jambo ambalo halihitaji serikali wala mfuko, linatuhusu sisi hapa. Hebu rudini kwenye yale mazungumzo ya 2022. Majina mawili matatu yanamfokea mtu aliyesema anaumwa. Fikirieni pale wangetokea watumiaji watano tu wa kawaida wakasema jamani huyu anafanya kazi ya bure, mwacheni apumue, mimi niko tayari kupima viraka jumamosi. Presha yote ile ingepungua, na ule mpango ungekosa kitu cha kushika. Tumezoea mtandaoni kwamba anayefoka ndo anayesikilizwa, tunaona mtu anashambuliwa kwenye uwanja wa mradi tunapita kimya tukidhani tuko salama kwa kutokuwa upande wowote. Ile hasira ya mtandaoni saivi ni silaha inayotumiwa na watu wenye mipango. Ukiona akaunti mpya isiyo na historia inambana mtunzaji aachie mradi, usipite. Andika mistari miwili ya kumtetea. Ni kazi ya usalama hiyo, sawa na kuweka kiraka.

Mtaniuliza Lasse aliendaje. Alirudi. Aliupitia mradi wote, akautoa uchafu, na Mei 2024 akatoa toleo la 5.6.2 lililosafishwa. Mtu aliyeonewa namna ile angeweza kuzima kompyuta akaondoka na hakuna ambaye angemlaumu, lakini alikaa akasafisha.

Kuna dada hapa mbele kabla sijaanza aliniuliza, mimi ndo kwanza najifunza, sijui kuandika kodi ya maana, nianzie wapi. Dada yangu, fungua mradi wowote mnaoutumia chuoni au kazini, angalia orodha ya laibrari unazozitegemea, chagua moja ndogo ambayo ina mtunzaji mmoja na maswali mengi yasiyojibiwa. Usiguse kodi kwanza. Soma maswali ya wengine, jaribu kwenye mashine yako uone kama tatizo linajirudia, kisha andika pale: natumia toleo fulani, mfumo fulani, nilifanya hiki na hiki, ikatokea hivi. Kama yameulizwa mara mbili unganisha hayo mawili. Kama maelezo ya matumizi yamepitwa na wakati, yarekebishe. Kama AI imekusaidia, sema imekusaidia, na usitume kitu ambacho wewe mwenyewe hujakihakikisha. Ukifanya hivyo miezi kadhaa, mtunzaji atakujua, na utakuwa umempunguzia masaa ambayo hakuna hela inayoweza kumrudishia. Na wale mlio kwenye makampuni, jumatatu mkifika ofisini ombeni mpewe angalau mchana mmoja kwa wiki wa kufanya hivyohivyo ndani ya saa za kazi, mshahara ukiwa palepale, na bosi akiuliza kwanini mwambieni habari ya nusu sekunde.

Haya, kipaza sauti kiko pale katikati, karibuni maswali.